Chuma huanza kuitwa bunduki lini?

Je, kitu ambacho hakijakamilika chaweza kuitwa kwa jina la kitu kamili? Wengi watadhani hilo ni swali la sisi tunaofundisha semantiki, lisilomhusu mtu mwingine. Sivyo. Mnamo Machi 26, 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani ililazimika kulijibu, na jibu lenyewe lilihusu uhai wa watu.

Nchini humo, sheria ya taifa humruhusu raia asiyezuiwa kumiliki silaha kujiundia bunduki nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, bila leseni, ingawa baadhi ya majimbo yameweka masharti makali zaidi. Wengi hufanya hivyo kwa kujiburudisha tu. Mtu hununua mtutu huku, kitako kule na darubini ya kulengea kwingineko, akaviunganisha karakanani mwake. Hupata bunduki ya shabaha inayojipakia yenyewe: kila avutapo kifyatulio hutoka risasi moja, na nyingine huingia mahali pake. Kisha huenda kiwanjani kuijaribu, akapima jinsi matundu yalivyokaribiana kwenye karatasi.

Katika lundo hilo la vyuma, bunduki ni kipi? Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1968 yasema kwamba si silaha nzima tu, bali hata kiunzi chake, yaani sehemu inayobeba mtambo wa kufyatulia, ni bunduki. Hicho ndicho hupigwa nambari. Wafanyabiashara waliuona mwanya. Waliuza viunzi visivyomalizwa, vilivyobakiza matundu machache ya kutobolewa na mnunuzi. Silaha zilizotokana na biashara hiyo hazikuwa na nambari, na polisi walipoziokota penye mauaji hawakuweza kujua zilikotoka. Mwaka wa 2022 serikali ilitoa kanuni ya kuzihesabu seti za namna hiyo kuwa bunduki. Wapinzani wa kanuni hiyo wakaenda mahakamani.

Majaji saba dhidi ya wawili waliiunga mkono kanuni hiyo. Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika uamuzi, alitumia hoja ya kiisimu: majina ya vitu vinavyoundwa na binadamu aghalabu hutumika hata kabla vitu hivyo havijakamilika. Mwandishi huuita mswada wake riwaya. Aliyenunua meza ya kuunganisha mwenyewe huiita meza ingali vipande. Hivyo, baadhi ya seti hizo ni silaha tayari.

Naafikiana na uamuzi huo. Hata hivyo, hoja yake haiwezi kuhamishiwa katika Kiswahili vivi hivi. Lugha yetu ina mazoea mawili. Kwa upande mmoja, mtu humwonyesha mgeni msingi wa mawe akasema, "Hii ndiyo nyumba yangu," na hakuna amwitaye mwongo. Kwa upande wa pili, Kiswahili hupenda kukipa kila kipindi jina lake: kidaka, dafu, koroma, nazi, mpunga, mchele, wali. Aliyeagiza wali hawezi kuletewa mchele akaambiwa ni kitu kimoja. Bunduki ifuate mkondo upi?

Hapa Kenya jambo hili si la kinadharia. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali bunduki za kujiundia hunaswa mara kwa mara. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Lakini mkalimani huyo ana maneno gani mkononi? Akikiita kila kipande "bunduki", mshtakiwa atakiri au atakana kosa asilolielewa. Akikiita "chuma" tu, huenda mhalifu akaponyoka. Kifungo cha miaka kitaning'inia kwenye nomino moja.

Wazee wetu hawakushindwa na kazi hii. Mzinga wa nyuki uliipa silaha kubwa jina. Risasi ilitokana na jina la Kiarabu la madini yenyewe. Gumegume ilitajwa kwa jiwe lake la kuwashia. Mtutu, kitako na kifyatulio tunavyo. Kilichosalia ni kukubaliana juu ya istilahi kama kiunzi, na kutofautisha kiunzi kamili na kile kisichomalizwa, kisha kuzifikisha istilahi hizo mahakamani.

Wapo watakaosema kwamba kuwafunza vijana majina ya sehemu za silaha ni kuwafunza ujambazi. Mbona daktari hufundishwa majina ya maradhi na hatumwiti mgonjwa? Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi wenu ukurasa mmoja wa sheria hii wautafsiri. Wataona wenyewe mahali ambapo lugha yetu imeachwa nyuma na, pengine, watakuwa wa kwanza kuiziba pengo hilo.