Tusifute Diski Kabla ya Kujua Chanzo

Mahali pengi kompyuta ikikataa kuwaka, dawa ya kwanza ni kufuta diski yote na kusimika mfumo upya. Kwa maoni yangu desturi hii ni adui wa elimu: hupoteza kumbukumbu, tena humnyima mwanafunzi nafasi ya kujua sababu. Mfano mmoja utatosha.

Baina ya diski na mfumo wa uendeshaji pana kidhibiti. Ili mfumo uelewane nacho, huhitaji kiendeshi, yaani programu ndogo ifanyayo kazi ya mkalimani. Vidhibiti vingi huweza kutumika kwa njia ya IDE, iliyo ya zamani, au ya AHCI, iliyotolewa mwaka 2004, ambayo huiwezesha diski kupokea hadi amri 32 na kuzipanga yenyewe.

Tuchukue Windows 7 ya mwaka 2009, ambayo ingawa Microsoft iliacha kuihudumia mwaka 2020, yafaa sana kwa somo hili. Ikisimikwa katika njia ya IDE, kiendeshi cha AHCI huachwa kimelala ili kompyuta iwake upesi. Mtu akibadili njia baadaye, mfumo huamka na mkalimani wa lugha isiyotumika tena. Hapo ndipo penye kitendawili: kiendeshi kinachotakiwa kimo diskini, na diski haisomeki bila kiendeshi hicho. Skrini hugeuka ya buluu na kuonyesha alama 0x0000007B. Lakini diski ni nzima, na yote yaliyoandikwa humo yamo.

Tiba yake ni fupi. Njia ya IDE hurudishwa, na kompyuta huwaka. Baada ya kunakili kumbukumbu mahali pengine, fundi hufungua rejista, ambayo ni daftari la ndani la mfumo, na katika sehemu ya kiendeshi msahci hubadili thamani ya Start kutoka 3 kuwa 0, maana yake kiamshwe mwanzo kabisa. Ndipo njia ya AHCI huchaguliwa.

Wako watakaosema kwamba kufuta ni rahisi zaidi. Ni rahisi kwa fundi, si kwa mwalimu aliyehifadhi humo alama za mwaka mzima. Walimu wenzangu, tuwazoeze vijana kuuliza kwanza ni kitu gani kilichobadilika. Tahadhari kabla ya athari.