Bustani ya nyumbani: Ua likipoteza majani, msitupe chungu



Mvua imekwisha, baridi ya mwezi wa sita inakaribia, na kwenye parsele nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi vyungu vya maua vinasikitisha kuangalia. Majani yanageuka manjano, yanalala chini, halafu hakuna kitu tena juu ya udongo. Wamama wa vikundi viwili wametuuliza swali lilelile: yale maua ambayo ndugu zetu wanatuletea kutoka Afrika ya Kusini yamekufa, tutupe udongo tupande bilenge?

Hapana. Yamelala. Na namna mnavyoyatunza wakati huu wa usingizi ndiyo inaamua kama mwaka ujao mtakuwa na maua, na kama jikoni mwenu watoto watakuwa salama. Jambo hili la pili tutalisema kwa urefu huko chini.

Tuelewe kwanza kwa nini yanalala. Afrika ya Kusini ina mvua za aina mbili. Upande wa magharibi, kule Cape Town, mvua inanyesha wakati wa baridi, zaidi mwezi wa tano mpaka wa nane, na joto likifika nchi inakauka. Upande wa mashariki, KwaZulu-Natal na milima ya Drakensberg, mambo yanafanana na kwetu Katanga: mvua inakuja pamoja na joto, kisha baridi kavu. Maua ya huko yamezoea kula wakati chakula kipo na kujificha wakati hakipo. Yanajificha ndani ya tunguu, kile kiazi cha chini kinachofanana na kitunguu, ambamo yameweka akiba kama sisi tunavyoweka mahindi ghalani.

Kwa hiyo anayewaletea ua, mwulizeni linatoka upande gani. Likiwa la mashariki, kazi ni nyepesi, maana kalenda yake ni kalenda yetu. Ua-nanasi ni la huko, lile lenye kishungi cha majani juu kama nanasi. Gladiola nyingi pia, na arumu za rangi ya waridi. Lile ua jekundu la mviringo kama mpira, ambalo linamea pia porini katika nchi yetu, linafuata desturi hiyohiyo. Yote haya yanataka maji tangu mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na yanataka kuachwa kavu kabisa kiangazi.

La magharibi ni kazi nyingine. Frizia, yenye harufu ile nzuri ya arusi, inataka kulala wakati mvua yetu inapiga kila alasiri, na kuamka mwezi wa nne, wakati mbingu zimefunga. Inawezekana, na ndiyo faida ya chungu: ua la shambani linakaa pale lilipo, lakini chungu kinabebwa. Wakati wa mvua kinaingia chini ya baraza, kinalazwa ubavu ili tone lisiingie. Baridi ikianza kinatoka juani na kupewa maji. Lakini tuseme ukweli: maji hayo ni ya kiangazi, na mama anayenunua maji kwa bidoni hatamwagilia frizia kabla ya kupika na kufua. Kwa maoni yetu, frizia ni ya nyumba yenye kisima. Wengine tuchukue ya mashariki.

Sasa namna ya kulaza. Majani yakianza kuwa manjano, punguzeni maji. Msikate jani lenye kijani hata kama linachukiza macho ya wageni; jani hilo bado linajaza akiba ya tunguu, na maua ya mwaka ujao yanatoka humo. Likikauka lenyewe litang'oka kwa kuvutwa kidogo. Hapo maji yanasimama. Wala mbolea msitie, mgonjwa wa usingizi halishwi. Wekeni chungu mahali pakavu penye hewa, mbali na panya.

Maji wakati wa usingizi ndiyo yanaua matunguu mengi kuliko ukame. Mama anaona udongo mkavu, anaona huruma, anamwaga kikombe kila asubuhi, na tunguu linaoza chini bila mtu kujua. Mkiwa na wasiwasi, fukueni kwa kidole mpaka mliguse. Likiwa gumu, ni zima, lifunikeni. Likiwa laini na linanuka, basi hilo limekwenda kweli.

Wapo wasiolala usingizi mzima. Klivia na agapanto wanabaki na majani yao mwaka mzima, hao wapeni maji kidogo tu kiangazi, udongo ukikauka. Klivia inapenda sana baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, baada yake ndiyo inaleta maua. Na arumu nyeupe, ambayo wamama wengi wanauza kwa makanisa na kwa matanga, kule Cape inamea hata kwenye mitaro. Ikipata maji hailali, mkiinyima inalala. Lipo hata ua moja la Cape, amarili beladona, ambalo linafanya kinyume: linachanua likiwa halina jani hata moja, shina na ua tu. Waingereza wamelipa jina la bibi asiyevaa nguo. Tusicheke sana.

Kwa chombo, ndoo ya rangi iliyokwisha inafaa, au bidoni iliyokatwa, mradi chini kuna matundu. Toboeni kwa msumari wa moto. Udongo uwe nusu mchanga mnene wa mtoni, nusu udongo wa bustani uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri.

Tufike sasa kwa watoto. Watu wengi wakiona majani yamekwisha wanachimbua matunguu, wanayaweka ndani ya mfuko, na mfuko unakwenda kukaa jikoni karibu na vitunguu na viazi vitamu. Hapo ndipo hatari. Tunguu lisilo na majani halina kitu cha kulitambulisha, na mengi ya haya ni sumu. Amarili na jamaa zake wanaleta kutapika kukali. Mmoja wao, anayeitwa bufone, Wasani wa kale walitia sumu yake kwenye mishale. Ua-nanasi nalo ni dawa ya kienyeji inayouzwa sana sokoni Durban, wauzaji wengi wakiwa akina mama kama sisi, lakini si chakula. Arumu inachoma mdomo na koo kama sindano. Na gloriosa, ua la moto linalopanda kwa ncha za majani yake, lina viazi virefu vinavyofanana na viazi vikuu vidogo: hivyo vinaua mtu mzima.

Ndiyo maana tunashauri: tunguu lilale ndani ya chungu chake. Linapenda hivyo, maana mengi yana mizizi isiyotaka kusumbuliwa, na mkono wa mtoto au wa msichana anayesaidia kupika hautalifikia kwa makosa. Andikeni kwa rangi ubavuni mwa ndoo jina la ua, neno SUMU, na mwezi wa kuamsha. Kama ni lazima kuchimbua ili kugawana na kikundi, fanyeni siku hiyohiyo, kila mmoja aondoke na lake likiwa tayari ndani ya udongo.

Mtoto akila, msimlazimishe kutapika na msimpe mafuta ya mawese. Toeni mabaki mdomoni, asukutue kwa maji, kisha mwende naye hospitali mara moja mkibeba kipande kilichobaki, ili muganga aone ni nini.

Kuamsha ni mwezi wa kumi. Maji mengi mara moja, mpaka yatoke chini, halafu mngojee. Msirudie mpaka muone ncha ya kijani. Linaweza kuchukua wiki tatu au nne, na mengine ni wavivu zaidi.

Wiki ijayo tutaendelea na mboji: maganda ya mihogo, na kwa nini majivu ya makala yasitiwe mengi.