Ongezeko la Watu: Jumla Pekee Haitoshi

Wahenga walifunza kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ni kweli kwa mchele, kwa chumvi na kwa akiba ya fedha iwekwayo katika kibubu. Kwa idadi ya watu, hata hivyo, ni mfano unaopotosha. Punje iliyomo ndani ya kibaba haizai punje nyingine, ilhali mtoto azaliwaye leo, akijaliwa uhai, atakuwa mzazi baadaye. Kwa hiyo watu hawaongezeki kwa kujumlishwa tu. Huongezeka kwa kuzidishwa. Asiyeitambua tofauti hiyo hataelewa kwa nini madarasa yaliyojengwa juzi yamejaa leo.

Sensa za Tanzania zatoa mfano mzuri. Mwaka 1967 walihesabiwa watu milioni 12.3. Mwaka 1978 walikuwa milioni 17.5, mwaka 1988, milioni 23.1, mwaka 2002, milioni 34.4, mwaka 2012, milioni 44.9, na katika sensa ya Agosti 2022, milioni 61.7. Katika miaka 55 idadi imekuwa mara tano ya ile ya awali.

Mwanafunzi na azitazame tena tarakimu hizo. Kati ya mwaka 1967 na 1978 ongezeko lilikuwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kati ya mwaka 2012 na 2022 lilikuwa vilevile asilimia 3.2. Kasi ni ile ile, lakini matokeo si yale yale: katika kipindi cha kwanza, kilichokuwa cha miaka 11, waliongezeka watu milioni 5.2, na katika kipindi cha pili, cha miaka 10, waliongezeka watu milioni 16.8. Maana yake ni kwamba watu walioongezeka katika muongo mmoja tu ni wengi kuliko watu wote waliokuwamo nchini mwaka 1967. Wanahesabu wana kanuni nyepesi ya kukadiria jambo hili: gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko, na jibu litakuwa idadi ya miaka ambayo wingi huchukua kurudufika. Kwa asilimia 3.2, jibu ni takriban miaka 22.

Tarakimu kama hizi aghalabu huzusha mabishano ya pande mbili. Upande mmoja hushtuka na kusema kwamba watu wamezidi na wazazi hawana busara. Upande wa pili hujibu kwamba ardhi bado ni tele na kwamba wingi wa watu ni nguvu. Pande zote mbili zina kosa moja: zinaitazama jumla, na kuisahau hesabu iliyo muhimu zaidi, yaani umri wa watu hao.

Vifo hutangulia, uzazi hufuata

Idadi ya watu wa mahali popote hubadilika kwa njia tatu tu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Kuhama kunaweza kuwa na nguvu kubwa kwa mji mmoja. Eneo ambalo leo ni Mkoa wa Dar es Salaam lilikuwa na watu wapatao 356,000 mwaka 1967. Mwaka 2022 lilikuwa na watu milioni 5.4, yaani mara 15, ilhali taifa zima liliongezeka mara tano. Kwa taifa zima, lakini, njia kuu ni mbili za kwanza.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Watu hawakuanza kuongezeka kwa kasi kwa sababu kina mama walianza kuzaa zaidi. Waliongezeka kwa sababu watoto waliacha kufa kwa wingi. Uswidi, nchi iliyoanza kutunza hesabu za kitaifa za watu wake mwaka 1749, yaonyesha mwendo huo waziwazi: katika karne ya 19 vifo vilipungua kwanza, na uzazi ukaanza kupungua miongo mingi baadaye. Katika kipindi kilichopo kati ya mabadiliko hayo mawili, watu huongezeka sana. Wataalamu wa demografia huyaita mabadiliko hayo mpito wa idadi ya watu.

Tanzania imo katika mpito huo. Kwa mujibu wa utafiti wa afya wa mwaka 2004–05, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Katika utafiti wa mwaka 2022, idadi hiyo ilikuwa 43. Chanjo, vyandarua, maji safi na zahanati za vijijini zimefanya kazi yake. Basi ongezeko la watu, kabla ya kuwa tatizo la mipango, lilikuwa ushindi wa afya. Anayewalaumu wazazi kwa ongezeko hilo huwalaumu kwa kuwa watoto wao wamepona.

Mfano wa majirani wawili

Je, uzazi hupungua kwa amri? Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo, miaka kumi baadaye, utafiti wa mwaka 1977–78 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa wastani wa watoto 8 katika maisha yake, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Mpango ulikuwapo katika karatasi. Sababu za wazazi kutaka watoto wachache hazikuwapo bado.

Baadaye sababu hizo zilikuja. Watoto wengi zaidi walipona, hivyo mzazi hakuhitaji tena kuzaa wanane ili abaki na watano. Shule ziliongezeka, na mtoto aliyekuwa mkono wa kazi shambani akawa mwanafunzi anayehitaji ada na daftari. Mashamba yaligawanywa na kugawanywa tena kati ya warithi mpaka yakawa vipande. Wasichana walisoma. Huduma za uzazi wa mpango nazo zikafika karibu na nyumba za watu. Wastani ukashuka, mwanzoni mwa karne hii ulisimama kwa muda, kisha ukaendelea kushuka, na kufikia mwaka 2022 ulikuwa watoto 3.4. Tanzania, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na wastani wa zaidi ya watoto 6, ilifikia 4.8 mwaka huo huo wa 2022. Majirani hawa wanaoshiriki mpaka, lugha na mila nyingi wamepita njia moja kwa mwendo tofauti.

Wako wanaodhani kwamba China ilipata njia ya mkato kwa sheria yake ya mtoto mmoja, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1980 na kuachwa mwishoni mwa mwaka 2015. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kushuka kwa uzazi nchini humo ilitokea katika miaka ya 1970, kabla ya sheria hiyo. Sasa China ina wasiwasi wa aina nyingine: idadi ya watu wake ilianza kupungua mwaka 2022, na wazee wanaongezeka. Amri iliumiza familia nyingi, na hesabu iliyobaki nyuma yake ni ngumu.

Jahazi halisimami papo hapo

Hata nchi ikipunguza uzazi leo, idadi ya watu wake haitasimama kesho. Jahazi lililokuwa likienda kwa pepo za kusi, tanga likishushwa, bado husogea mbele kwa mwendo lililokuwa nao. Ndivyo ilivyo kwa taifa la vijana. Katika Tanzania zaidi ya watu 4 kati ya kila 10 hawajafikia umri wa miaka 15. Wasichana waliomo katika kundi hilo ni wengi sana. Hata kila mmoja wao akizaa watoto wawili tu, watoto watakaozaliwa watakuwa wengi kuliko watu watakaokufa, na hali hiyo itadumu kwa miongo kadhaa.

Jambo hili si ubashiri wa mnajimu. Mtoto aliyehesabiwa akiwa mchanga Agosti 2022 atabisha hodi katika darasa la kwanza kabla ya mwaka 2030 kumalizika. Katika muongo utakaofuata atahitaji kiti cha sekondari. Na kufikia mwaka 2045 atakuwa akitafuta kazi, shamba au nyumba. Mpangaji anayesubiri hadi watoto wafike mlangoni ndipo atafute matofali hawezi kusingizia kwamba hakuonywa. Sensa ilikwisha kumwonya.

Kalamu ya msichana

Lipo jambo moja ambalo laweza kubadilisha mwendo huo bila kumlazimisha mtu yeyote, nalo ni umri ambao msichana huanza kuzaa. Tufanye hesabu rahisi. Chukua koo mbili. Katika kila ukoo, kila mwanamke huzaa mabinti wawili. Katika ukoo wa kwanza wanawake huzaa wakiwa na miaka 18; katika wa pili, wakiwa na miaka 30. Baada ya miaka 90, ukoo wa kwanza umepata vizazi vitano, na kizazi cha tano kina mabinti 32. Ukoo wa pili umepata vizazi vitatu, na kizazi cha tatu kina mabinti 8. Watoto wa kila mama ni sawa; kilichotofautiana ni wakati tu. Maisha halisi hayana unyoofu wa namna hiyo, lakini kanuni ni ile ile.

Katika utafiti wa mwaka 2022, zaidi ya msichana 1 kati ya kila 5 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini Tanzania alikuwa amekwisha kupata mimba. Kwa miaka mingi mimba hiyo ilikuwa mwisho wa masomo yake katika shule za serikali. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Wapo waliosema kwamba uamuzi huo unalegeza maadili. Hoja hiyo haizingatii kwamba mama aliyefukuzwa shule akiwa na miaka 16 huzaa tena mapema, na hulea watoto wake katika umaskini ule ule uliomfanya aache masomo. Kumrudisha darasani ni haki yake kwanza. Pili, ni mpango wa idadi ya watu ulio bora kuliko mabango yote yaliyopata kubandikwa katika kuta za zahanati. Lakini ruhusa iliyo katika waraka haitoshi, kama mpango wa Kenya wa mwaka 1967 usivyotosha. Yahitaji mwalimu mkuu wa kumpokea, bweni lililo karibu, na wenziwe wasiomcheka.

Walimu wa jiografia, hisabati na biolojia wana kazi hapa. Ongezeko la watu lisifundishwe kama orodha ya faida na hasara za kukariri kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi apewe takwimu za kata yake, achore piramidi ya umri, na aulizwe: watoto wa chini ya miaka 5 waliomo humu watahitaji madarasa mangapi baada ya miaka 10, na ni nani atakayewafundisha? Akimaliza kuchora ataona kwamba kitako cha piramidi ni kipana, na kwamba yeye mwenyewe yumo karibu na kitako hicho. Hapo ndipo hesabu ya taifa itakapokuwa hesabu yake.