Kubadilisha jina hakumfichi mtu

Mpwa wangu ana miaka 16, anasoma sekondari huko Lamu. Majuzi mwalimu wao wa Kiswahili aliwapa kazi: andika hadithi fupi inayotokana na watu unaowajua. Mimi kazi hiyo naiunga mkono mia kwa mia. Insha zetu za shule zimechoka. Majogoo yanawika, jua la utosi linawaka, methali tano zinapangwa kwenye aya ya kwanza, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake.

Lakini binti alikwama. Akanipigia simu: "Mjomba, nimeanza mara tatu, nimefuta mara tatu." Kisa alikuwa nacho. Jirani yao mmoja, mama mtu mzima, huwaambia watu kwamba mwanawe aliyeko Arabuni humtumia pesa kila mwezi. Kumbe hatumi chochote. Mama anauza bangili zake moja moja, na mpwa wangu ndiye anayetumwa kwa sonara, kwa ahadi kwamba hatasema. Tatizo la pili: mwalimu husoma insha nzuri mbele ya darasa, na mjukuu wa mama yule anakaa dawati la tatu.

Wenzake walimshauri abadilishe jina tu. Hapo ndipo na mimi, mtu wa kuandika programu, nikaona nina la kusema. Katika kazi yetu kosa hili tunalijua vizuri!

Fikiria jedwali la data. Jina ni safu moja tu. Ukiifuta, zimebaki umri, mtaa, kazi, idadi ya watoto. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kwamba kwa Wamarekani wapatao asilimia 87, vitu vitatu vinatosha kumtenga mtu na wengine wote: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na namba ya posta ya mahali anapoishi. Jina halimo. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani kumbukumbu za mambo ambayo wateja wake wapatao 650,000 walikuwa wameyatafuta mtandaoni. Majina yaliondolewa, zikawekwa namba. Siku chache tu baadaye gazeti la New York Times likagonga mlango wa bibi mmoja mjane wa jimbo la Georgia. Alikuwa ametafuta habari za mji wake na za watu wa ukoo wake. Namba haikumficha.

Hiyo ni Marekani yenye mamilioni ya watu. Sasa njoo Lamu. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu wasiozidi 144,000 katika kaunti nzima, visiwa na bara. Mji wenyewe una vichochoro ambavyo gari halipiti, punda na watu wanapishana bega kwa bega. Ukiandika "fundi wa majahazi wa Matondoni mwenye kilema cha mguu", umeandika jina lake kamili. Wahenga waliyajua haya kabla ya kompyuta: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu ataling'amua.

Sisi tuna kipimo chepesi. Kabla ya kutoa data, uliza: maelezo haya yanawafaa watu wangapi? Likija jibu la mtu mmoja, hujaficha kitu. Dawa ya kawaida ni kufifisha: badala ya umri wa miaka 61 andika "zaidi ya 50", badala ya mtaa andika kaunti.

Ila kwa hadithi dawa hiyo ni sumu. Ukififisha kila kitu unabaki na "mama mmoja wa kijiji fulani", na nani atamlilia mama mmoja wa kijiji fulani? Hadithi inataka bangili yenyewe, na jinsi anavyoifunga kwenye pindo la leso.

Kuna njia nyingine, nayo pia inatoka kwenye kazi yetu. Tunapojaribu programu mpya hatupaswi kutumia data za wateja halisi. Tunatengeneza data za majaribio: zina tabia zilezile, lakini hakuna binadamu nyuma yake. Nilimwambia mpwa wangu afanye hivyo. Chukua sauti ya mtu mmoja, kazi ya mwingine, nyumba ya wa tatu. Halafu, na hili ndilo kubwa, badilisha tukio lenyewe. Siri aliyokuamini mtu ndiyo kitambulisho chake. Kinachobaki ni ile hali ya moyo: mtu anayelinda heshima ya mwanawe asiyemkumbuka.

Na kile kisa cha bangili hapo juu? Nimekitunga mimi. Cha kweli hakina dhahabu, hakina Arabuni, wala hakina sonara. Lakini umeelewa uchungu wake, au siyo?

Jambo la pili. Binti aliniuliza kama akibandike kisa chote kwenye programu ya akili bandia imwandikie. Nilimwambia hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, siri ya jirani ingekwenda kukaa kwenye mitambo ya kampuni ambayo jirani hajawahi kuisikia. Pili, nimezijaribu programu hizo: zikikosa kitu cha kushika hutoa mzee mwenye hekima, kijiji chenye amani, na funzo mwishoni. Yale yale ya majogoo.

Watu wa visiwa hivi hawahitaji kuazima. Mwana Kupona aliutunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake mwenyewe, na mumewe marehemu, Bwana Mataka wa Siyu, yumo ndani. Alimtaja kwa wema. Sifa haina haja ya kujificha. Kinachotaka kifuniko ni aibu.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na sheria hiyo inaachia nafasi kazi za fasihi na sanaa kwa masharti. Lakini hakuna sheria inayokaa dawati la tatu darasani. Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu: endeleeni kutoa kazi hii, ni bora kuliko zote. Ila mwacheni mwanafunzi aandike juu ya karatasi "isisomwe kwa sauti", na mliheshimu neno hilo. Mtatoa alama zilezile, na mtaletewa hadithi ambazo hamjawahi kuziona.