Kijana Asiyeona Gizani

Huku Rumonge ndagala huvuliwa usiku kwa taa, hivyo kijana asiyeona gizani hujulikana upesi. Mzazi, usimwite mvivu!

Huenda amepungukiwa vitamini A. Hapo mafuta yetu mekundu ya mawese ni kinga njema. Lakini upo ugonjwa wa kurithi, uuao polepole utando upokeao nuru ndani ya jicho. Huo mawese hayauponyi, wala dawa za mchuuzi wa sokoni. Marekani iliidhinisha mwaka 2017 tiba ya kutia jichoni nakala nzima ya jeni iitwayo RPE65, kwa dola 850,000 macho mawili. Nayo yawafaa wenye hitilafu ya jeni hiyo tu, katika jeni nyingi zihusikazo.

Apimwe kwanza na daktari wa macho, pamoja na ndugu zake wa tumbo moja.