Spika ya Wati 600 Haitakusaidia Kitu

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hizi spika za gari. Mtu ana Vitz ya kawaida tu, ameweka pesa miezi mitatu, anashuka Kirinyaga Road, anatoka na spika zimeandikwa "600W Max". Zinafungwa, anawasha redio, halafu sauti iko chini kuliko zile za karatasi zilizokuja na gari kutoka Japani.

Si lazima ziwe feki. Shida ni kununua spika kabla hujajua ni nini itazisukuma.

Hesabu ni rahisi. Redio iliyokuja na gari inategemea umeme wa volti 14 hivi, injini ikiwaka. Kwa spika ya omu 4, hapo hupati zaidi ya wati 25 safi. Hata ile "50W x 4" usoni mwa redio ni ya kupendeza macho. Sasa hiyo 600 unailipia ya nini? Soma RMS, halafu soma desibeli. Spika ya desibeli 91 inahitaji nusu tu ya wati za ile ya 88 ndio zilie sawa. Kwa redio ndogo, hiyo ndiyo namba yako.

Wenye amplifaya ya kiwandani, kama Bose kwenye baadhi ya Mazda na Nissan, chungeni zaidi. Nyingi zimetengenezewa spika za omu 2, ama hata chini ya hapo. Ukiweka za omu 4, nguvu inashuka karibu nusu. Kinyume chake ni mbaya zaidi: spika ya omu 2 kwenye redio ya omu 4 inavuta umeme mwingi, redio inachemka, na inaweza kuungua kabisa.

Na usidanganywe eti "ongeza tu sauti, itashika". Amplifaya ndogo ikilazimishwa inaanza kukwaruza, na huo mkwaruzo ndio huchoma twita.

Mafundi wetu wanajua kazi, na mita wako nayo. Lakini pesa ni zako, so wewe ndiye wa kusema: "Boss, chomoa hii ya zamani upime kwanza." Mita ikisoma 3 na kitu, hiyo ni ya omu 4. Ikisoma chini ya 2, usinunue za omu 4 ukitegemea amplifaya hiyo hiyo.

Na kama unataka kishindo cha matatu, anza na amplifaya. Spika zitafuata.