Magade wa parki na bunduki: sisi wa Luberizi tunasema nini

Vijana wenzetu wa Luberizi, wa Sange, wa Luvungi, wa Uvira mjini, na ninyi wote mnaotusoma kwenye simu,

Katika mkutano wetu wa mwisho swali moja limekula saa mbili nzima, na mambo mengine yote yakabaki. Je, magade wa parki, wale wanaolinda nyama wa pori, wabebe bunduki ao hapana? Tumegawanyika vibaya, kuna hata wenzetu waliotoka bila kuagana. Sasa tumetulia, tumeongea tena, na tunaandika hapa msimamo wetu pamoja na mabishano yetu, juu hatutaki mfikiri kwamba jambo hili ni rahisi.

Lilianza na kiboko. Wanaolima kando ya Ruzizi wanajua: mchana kiboko analala majini, usiku anapanda kula. Akipita katika mpunga wako usiku mmoja tu, kazi ya miezi imekwisha. Na ukikutana naye njiani giza likiwa limeingia, umekwisha wewe. Mama mmoja mkulima alikuja kwetu akauliza: ninyi vijana mnaandikia Leta kila siku barua za barabara na za kodi, juu ya nini hamuandiki barua ya kiboko? Mwenzetu mmoja akajibu haraka: tuombe Leta itulete magade wenye bunduki. Mwingine akasimama palepale: bunduki ingine tena? Hapa?

Huyo wa pili tunamuelewa. Luberizi ni mahali penye kambi ya jeshi. Tumekulia hapa, bunduki tumeiona mbele ya kuona kompyuta. Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Juni 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule, hapa karibu yetu. Askari wa Leta walikuwa kilometa chache tu, na wa MONUSCO vilevile. Habari iliwafikia. Hawakufika kwa wakati. Kwa hiyo mtu akitwambia kwamba bunduki ikiwa karibu raia anakuwa salama, atuwie radhi, kwetu hapa maneno hayo yana makaburi.

Lakini wale wanaosema magade wabebe bunduki nao wana haki ya kusikilizwa, na si watu wa kuchekwa. Muangalie Virunga. Parki ile ni ya mwaka 1925, ya kwanza kabisa katika Afrika, na magade zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, kundi la magade lilikuwa linarudi kwenye makao makuu. Wakakuta gari la raia linashambuliwa, wakaingia kuwasaidia. Siku ile walikufa magade 12, dereva mmoja na raia wanne. Januari 2021, wengine 6 wakauawa. Ni vijana kama sisi, wengi wao ni watoto wa vijiji vya pale pale, wenye wake na watoto wadogo. Unamwambia mtu wa namna hiyo aende na fimbo mbele ya kundi lenye mashini-gani? Hakuna mwenzetu hata mmoja aliyeinua mkono kusema ndiyo.

Tena kuna hesabu ya viboko wenyewe. Miaka ya 1970, Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000. Ilipofika mwaka 2006 hawakufika hata 1,000. Waliuawa kwa ajili ya nyama na meno, katika miaka ya vita, na bunduki zilikuwa za vita: za makundi ya wenye silaha, na za askari pia. Mtego na mkuki haviwezi kumaliza viboko namna ile. Na walipokwisha, samaki wa Ziwa Edward nao wakapunguka, juu mavi ya kiboko ni chakula cha maji. Wavuvi wa Vitshumbi wanalijua jambo hilo kuliko sisi. (Sisi wa Tanganyika tunaopenda kulalamika kwamba mikeke inapotea, tulifikirie kidogo.)

Kwa hiyo Virunga tumesema: ndiyo, wabebe. Hapo tulipatana, hata kama kwa uchungu.

Ugumu ukaja tuliposhuka Kahuzi-Biega, ambayo ni ya provensi yetu. Parki iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa kwa maelfu wakafukuzwa katika msitu wa babu zao bila kulipwa kitu. Mwezi wa 8 mwaka 2017 kijana Mutwa wa miaka 17 aliingia porini pamoja na baba yake kutafuta majani ya dawa. Magade wakawafyatulia masasi, kijana akafa, baba akajeruhiwa. Kijana hakuwa na bunduki, wala hakuwa anawinda ngila. Mwaka 2018 Batwa wengi walichoka kungoja ahadi, wakarudi msituni kwa nguvu, na kuanzia 2019 vita vikawa kati yao na parki. Magade pia walikufa, tusifiche. Mwaka 2022 shirika la Minority Rights Group lilitoa ripoti inayosema Batwa wasiopungua 20 waliuawa katika operesheni za magade na askari kati ya 2019 na 2021. Na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatangaza uamuzi wake: Leta ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, na inapaswa kuwarudishia ardhi yao.

Hapa njo tulikaa kimya muda mrefu. Gade yule yule, nguo ile ile, bunduki ile ile. Rumangabo anakufa akisaidia raia, Kahuzi-Biega raia anakufa mbele yake. Tofauti inatoka wapi?

Sisi tunaona inatoka katika maswali ambayo mtu haulizi siku ile gade anapewa silaha. Nani atakaye mbele yake: kundi lenye silaha, ao mama mwenye kitunga cha kuni? Akikosea, kesi inaenda wapi, na nani wa kijijini anaweza kuifungua bila kuogopa? Ardhi anayoilinda, wenyeji waliikubali? Kama hakuna jibu, bunduki inajaza nafasi ya jibu.

Jirani zetu Watanzania waliyaona hayo mbele yetu. Oktoba 2013 walianzisha Operesheni Tokomeza kupiga vita wawindaji wa tembo. Askari, polisi na magade wakaingia pamoja vijijini. Tembo walikuwa wanauawa kweli, hakuna uongo hapo. Lakini raia waliteswa, wengine wakafa, mifugo ikauawa, na bunge likasimama. Operesheni ikasimamishwa baada ya wiki chache, na mwezi wa Desemba mawaziri wanne wakapoteza kazi. Mawaziri wanne! Kwetu hapa ni nani amepoteza hata kiti cha plastiki juu ya kijana wa Kahuzi-Biega?

Mmoja wetu alileta mfano wa Black Mambas, wanawake wa Afrika Kusini, kando ya parki ya Kruger. Tangu 2013 wanazunguka porini bila bunduki, wanatoa mitego, wanafundisha shuleni, wanajua kila familia. Ni mfano mzuri na tuliupenda. Ila tuwe wakweli: nyuma yao kuna vikosi vyenye silaha vya kuitwa kwa redio, na kwao hakuna kundi la waasi kwenye kila kilima. Hatuwezi kuuchukua vile ulivyo na kuupanda Luvungi.

Sasa kwetu. Juu ya milima yetu kuna hifadhi ya Itombwe, zaidi ya kilometa za mraba 5,700, inagusa Mwenga, Fizi, Walungu na Uvira. Iliundwa 2006 kwa karatasi ya waziri, wenyeji wakasikia baadaye. Ilichukua miaka 10 ya mabishano na ya kuchora ramani pamoja na vijiji mpaka mipaka ikatangazwa, 2016. Miaka 10 ni mingi, lakini wazee walikaa chini ya miti wakaonyesha: hapa tunalima, hapa tunazika, hapa hatugusi. Kazi ile, mtu mwenye bunduki begani hangeiweza. Kumwaga magade wenye silaha nzito pale leo, kati ya makundi yenye silaha ambayo tayari yanagombania milima ile, ni kuongeza kundi lingine. Kijijini hawatasoma alama kwenye nguo. Wataona bunduki.

Kwa hiyo kwa Itombwe na kwa Plaine ya Ruzizi tunasema hapana, si leo. Tunataka magade, tena wengi kuliko walioko, waliochaguliwa pamoja na vijiji, wanaolipwa mshahara wao kila mwezi (gade asiyelipwa akiwa na bunduki, sote tunajua atakula wapi), na wenye simu inayoshikwa usiku. Tangu 2015 Leta ina dekreti inayounda kikosi cha pekee cha usalama wa parki. Kama siku moja kikosi kile kitatumwa huku, tunaomba kwanza majina ama namba zionekane kwenye nguo, kila sasi liandikwe lilikotoka na lilikoenda, na tribinali ije kusikiliza kesi kijijini, mbele ya watu, siyo Bukavu ambako mjane hana franga ya kufika.

Na ile sheria ya Julai 2022 inayolinda haki za watu wa asili Pygmées, gade ajifunze mbele ya kujifunza kulenga.

Wenzetu wawili hawakukubali msimamo huu mpaka mwisho. Wanasema tunaongea hivi juu hatujazika gade wa familia yetu. Tumeandika neno lao hapa kwa heshima, na hatuna jibu la kuwanyamazisha.

Yule mama bado anangoja jibu la kiboko. Tumemwambia ukweli: hatutaomba mtu wa kumpiga risasi, maana siku hizi kiboko akipigwa, nyama inagawanywa, na kesho yake mtu mwenye bunduki anarudi kutafuta nyama ingine. Tumeanza na mitaro kati ya mto na mashamba, kwa salongo, kila Jumamosi asubuhi. Kwa zamu ya usiku tunahitaji matorshi, ngoma na mabidoni matupu ya kupiga kelele. Wenye navyo wavilete. Barua kwa wakubwa wa mazingira wa teritware imekwisha kuandikwa: tunauliza ni nani, kwa jina la kazi yake, anapaswa kufika mpunga ukiliwa, na kwa siku ngapi. Tutabandika hapa nakala yake pamoja na jibu, ama pamoja na ukimya wao.